Injini ya Selotepu

Mdogo wangu ana injini. Naisema mapema ili mtu asije akadhani ana gari. Gari hana, anakuja kwangu kwa miguu, jasho linamtiririka, na anaomba maji kabla hata ya salamu. Injini yake iko kazini kwake, ndani ya mtungi wa baridi kali, na ukitaka kuiona inabidi uinamie hadubini, ufumbe jicho moja, na uwe mtu mwepesi wa kuamini. Mimi nimeshainamia. Nikaona kidoa cha rangi ya zambarau, kimekaa peke yake kama tone la wino kwenye shati jeupe. Nikainuka nikasema, "Hongera." Sasa ungetaka niseme nini?

Mtaani wanamwita Selotepu, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Kazi yake, ukiivua maneno makubwa, ni kubandua. Yapo mawe yaliyoumbwa kwa tabaka, moja juu ya jingine, kama vitambaa vilivyokunjwa kwenye rafu ya duka. Mdogo wangu anachukua kijiwe cha namna hiyo, cheusi chenye kung'aa, anakibandika kwenye selotepu, anavuta. Anakunja selotepu, anavuta tena. Anarudia mpaka libaki ganda jembamba ambalo hata vumbi likilitazama linajiona limenenepa. Watu wanamlipa mshahara kwa kazi hiyo. Mimi nikibandua lebo kwenye chupa naambiwa nina mawazo.

Lakini nisiwe mchokozi tu, niseme na ukweli wake. Mawe hayo ni sumaku. Zamani wataalamu walidhani ukiibandua sumaku mpaka likabaki tabaka moja tu, usumaku utakufa kwa upweke. Ikaja kuonekana kwamba haufi. Na kuna vituko zaidi. Aliniambia kwamba kwenye mawe ya aina fulani, matabaka mawili yakikaa pamoja yananuniana: moja linaelekea juu, jingine linaelekea chini, na ukiyapima kwa pamoja ni kama hakuna sumaku kabisa.

"Hayo nimeyaona," nikamwambia. "Mtu na mkewe."

"Ila ukiongeza tabaka la tatu, Dada, moja linakosa wa kununiana naye. Usumaku unarudi."

"Huyo ni mama mkwe."

Akacheka mpaka akapaliwa na maji yangu. Ndiyo maana nampenda. Amesoma mpaka wenzake wamechoka, lakini bado unaweza kumtania akatanika.

Ubanduaji wake haukuanzia chuoni. Ulianzia kwenye karakana ya Baba, na hapo ndipo ugomvi wenyewe ulipozaliwa, kama ule unaweza kuitwa ugomvi, maana hakuna aliyewahi kupaza sauti zaidi ya Baba, na Baba hupaza sauti hata akiomba chumvi.

Baba ni fundi injini. Si za magari. Magari anasema ni ya watu wavivu. Yeye anatengeneza injini za kazi: za kusagia nafaka, za kuvutia maji, jenereta. Karakana yake ni banda la mabati lenye sakafu nyeusi kwa oili, na ukutani spana zimening'inia kwa ukubwa, kila moja imechorewa umbo lake kwa rangi ili ikikosekana aliyeichukua ajulikane. Injini ikiletwa, Baba haigusi kwanza. Anaiwasha, anainamisha kichwa, anasikiliza. "Hii vali inapiga kelele." "Hii imekunywa maji." Kauli yake kuu maishani, ambayo sisi wanawe tuliijua kabla ya kujua kusoma, ni kwamba injini isiyolia ni injini iliyokufa.

Na alikuwa na sheria moja. Akimaliza kutengeneza, anaizima injini, anafuta mikono, anasogea nyuma mpaka mlangoni, halafu anamwambia mwenye mali aiwashe mwenyewe. Wengine walikuwa na haraka, wanasema, "Si imeshawaka, Mzee, tumeisikia." Baba hakubali. "Injini inayowaka fundi akiwa ameishikilia haijapona." Alishawahi kumrudisha mteja kutoka kituo cha basi, na injini yake begani, kwa sababu alikuwa hajaiwasha kwa mkono wake.

Sasa katika banda hilo tukawekwa sisi wawili kusaidia. Mimi nilishika spana. Mdogo wangu alikaa kwenye kona na pasi mbovu za umeme zilizoletwa na majirani, akazipasua, akatoa ulanga, yale maganda ya kung'aa yanayokaa ndani kuzuia umeme usimrukie mpigaji pasi. Akaanza kuyabandua. Ganda likatoa ganda, na lile nalo likatoa ganda. Baba anyooshe mkono kutoka chini ya injini, aseme, "Spana ya kumi na saba!" na mwenzetu, akili haipo, amwekee kiganjani kipande cha ulanga.

"Nimeomba spana," Baba angesema akikitazama, "nimepewa ganda la kitunguu."

Tulikua. Mimi nikaenda kwenye cherehani, kwa sababu oili haitoki kwenye kucha na nilikuwa na kucha nzuri. Mdogo wangu akaenda shule, akatoka akaingia nyingine, akavuka mipaka akarudi, na mwishowe akaajiriwa kwenye maabara ya chuo, ghorofa ya chini kabisa, kwenye chumba kisicho na dirisha. Na hapa lazima nieleze jambo la Baba na neno "fundi", maana bila hilo yaliyofuata hayana uzito.

Baba ni mkarimu wa kila kitu isipokuwa neno hilo. Mimi alianza kuniita fundi siku nilipomshonea ovaroli ambayo aliinama nayo na haikupasuka makalioni. Kabla ya hapo nilikuwa "binti yangu, anashonashona." Kinyozi wake anamwita fundi. Yule mzee wa kushona viatu pale kona, fundi. Hata mtu wa kutengeneza miavuli, ambaye mimi binafsi naona ni tapeli, naye fundi. Lakini mgeni akija karakanani akamkuta mdogo wangu amesimama pale, na digrii zake zote ambazo ukizipanga ukutani zinafunika ufa, Baba anasema, "Huyu ni mdogo wake fundi. Anasoma."

Anasoma! Mtu ana mvi. Mtu ndiye anayesomesha wengine. Kila Baba akisema hivyo mdogo wangu anatabasamu tabasamu la mtu aliyekanyaga msumari akiwa ukweni.

Siku moja nilikuwa nampima shati, futi shingoni, akaniambia bila kunitazama, "Dada, mimi wala sitaki aelewe ninachofanya. Wakubwa zangu wenyewe hawakielewi chote. Nataka aniite fundi. Hata mara moja tu, halafu aendelee na mambo yake."

Nilitaka kumtania, nikashindwa. Nikamwambia anyooshe mkono nipime.

Alijaribu, kwa kweli. Alasiri moja aliketi na Baba kwenye benchi la karakana, mimi nikiwa nimeleta ovaroli mpya, akaamua kueleza yote. Wakati huo masikio ya Baba yalishaanza kumgomea. Miaka mingi ya ngurumo haikwenda bure. Alikuwa ameacha kusikiliza injini kwa sikio, anazisikiliza kwa kiganja, na ikibidi anazilalia kwa kifua kama daktari asiye na vifaa. Kwa hiyo mdogo wangu alikuwa akieleza sayansi yake kwa kupiga kelele, na mtaa mzima ukafaidika.

"Injini yako ina hatua nne, Baba! Inavuta, inabana, inawaka, inatoa!"

"Mimi ndiye niliyekufundisha."

"Na yangu iko hivyo hivyo! Joto linaingia, visumaku vilivyo ndani ya tabaka vinachanganyikiwa. Naibana kwa nguvu ya sumaku ya nje. Halafu baridi inatoa joto lililobaki, vinajipanga upya. Naachia. Mzunguko umekamilika, na kazi kidogo imetoka!"

Baba akafikiri. Namsifu kwa hilo, alifikiri kweli. "Kidogo kiasi gani? Inavuta maji?"

"Hapana."

"Inasaga?"

"Hapana, Baba."

"Inaweza kumwinua nzi?"

Mdogo wangu akatikisa kichwa.

"Mguu wa nzi?"

"Baba, hata unywele wa mguu wa nzi haiwezi."

Baba akanigeukia. "Fundi, hebu mguse mdogo wako paji la uso."

Lakini Selotepu hakukata tamaa. Akasema kwamba ukubwa sio hoja. Kwenye injini ya Baba joto linapanda kama mtu anayepanda mlima: anaweza kusimama popote apendapo. Kwenye vitu vidogo namna ile hakuna mlima, kuna ngazi. Unakanyaga kidato hiki au kile. Katikati hakuna pa kuweka mguu. Yeye na wenzake wanataka kujua kama injini inayopanda ngazi inafuata sheria zile zile za injini inayopanda mlima, au ina ujanja wake. Nikaona mikono yake inavyocheza hewani, nikagundua kwamba ni mikono ya Baba. Hakuna aliyeniuliza.

"Haya," Baba akasema. "Na imeshawaka?"

"Bado."

"Inalia ikiwaka?"

"Hailii. Kimya kingi kina mshindo mkuu, Baba."

"Huo mshindo nausubiri," Baba akasema, akashuka kwenye benchi. "Ikiwaka, niite."

Haikuwaka. Mstari wake, ule anaoutazama kwenye kompyuta kuona kama kazi inatoka, ulilala chali mwaka ule, na uliofuata ukageukia ubavu. Nilikuwa nikimuuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" naye anajibu, "Anapumua." Ganda moja liliharibiwa na hewa, maana mengine yakipigwa na hewa tu yanaoza kama samaki juani. Jingine lilikunjana. Mwishowe akapata moja zuri, lile doa la zambarau, sumaku laini ambayo ukiisogezea nguvu kidogo tu inageuka. Akalipenda kuliko anavyowapenda baadhi ya ndugu zetu.

Basi ikatokea siku ya maabara kufungua milango kwa jamaa za wafanyakazi. Mdogo wangu hakutaka kumwalika Baba. Alisema injini haijawaka, na Baba alisema aitwe ikiwaka. Mimi nikamwambia Baba kwa mdomo wangu, kwa sababu watu wawili wakisubiriana mlangoni lazima mmoja asukumwe. Baba akajibu, "Hata injini iliyozima inaangaliwa," akavaa koti lake la heshima.

Koti hilo nililishona mimi, na lina kitu ambacho makoti mengine hayana. Baba ana kisumaku, kilitoka kwenye spika ya redio iliyokufa, amekifunga kamba ya kiatu. Nati ikidumbukia ndani ya tumbo la injini, anakiteremsha kama ndoana, anaivua. Anatembea nacho kila mahali. Zamani alikiweka mfuko wa pembeni, na kila akipita kwenye meza yangu ya kushonea anaondoka na pini zangu zimemganda kiunoni kama kupe. Nikachoka. Nikamtilia mfuko wa ndani, kifuani, wenye kifungo.

Mlangoni mwa maabara kulikuwa na meza yenye sinia. Dada mmoja mpole akatuomba tuache vitu vyote vya chuma. Mimi nilivuliwa pini za nywele, mkasi, na sindano ambayo nilikuwa nimeichomeka kwenye kola bila kujijua. Nikaingia nywele timtim kama niliyetoka kupigana sokoni. Baba akatoa spana mbili, kisu kidogo, funguo, saa, na mkanda. Akaingia ameshikilia suruali kwa mkono mmoja, amenyooka kama balozi.

Ndani palikuwa na baridi na mngurumo. Baba akausikia mngurumo miguuni, uso ukamchangamka, akaufuata moja kwa moja mpaka kwenye pipa la bluu lililokuwa sakafuni, akaliwekea kiganja.

"Hii!" akasema. "Hii ndiyo injini."

"Hiyo ni pampu, Baba," mdogo wangu akamwambia sikioni. "Inanyonya hewa tu."

"Beringi yake imechoka."

Fundi mitambo wa maabara, kijana wa watu mwenye adabu, akaeleza kwamba pampu hiyo imetoka kwenye boksi wiki hii hii.

"Basi mmeuziwa beringi iliyochoka," Baba akasema, akakubali kuondolewa pale.

Injini yenyewe ilikuwa juu ya meza nzito: mtungi wa chuma kisichoshika sumaku, nyaya zimeuzunguka kila upande, na pembeni kioo chenye mstari wa kijani. Mkuu wa idara alikuwepo, mama mwenye miwani ya kuning'inia kwa mnyororo, ambaye aliacha mnyororo huo mlangoni kama sisi wote na sasa aliishikilia miwani mkononi. Akamsalimia Baba kwa heshima kubwa. Mdogo wangu akaanza kuonyesha. Mwanga mdogo ulikuwa ukipiga lile doa na kuacha, ukipiga na kuacha, ndio joto lenyewe.

"Mstari ukipanda," akasema kwa sauti ili Baba apate, "ujue imewaka."

Tukautazama mstari. Ulikuwa umelala kama shuka iliyopigwa pasi. Wageni wengine wakaguna kiungwana, wale wanaoguna wakiwa hawajaona kitu. Nilimwona mdogo wangu anavyoiminya kalamu yake, nikatamani nisingemwambia Baba chochote.

Baba hakutazama mstari. Injini ikiwa mbele yake, Baba hatazami vioo. Akausogelea mtungi, akauwekea kiganja, akasubiri. Kisha akafanya anachofanya kwenye injini zote zinazomkatalia: akainama akaulalia kwa kifua.

Mstari ukapanda.

Haukupanda kidogo, ulisimama wima. Mkuu wa idara akapiga ukelele kama mtu aliyeona nyoka. Fundi mitambo akaangusha kikombe. Baba, ambaye hakusikia kelele lakini aliona midomo, akanyanyuka akauliza, "Kuna nini?" na mstari ukalala. Akainama tena, mstari ukapanda tena.

"Imewaka?" akauliza.

"Imewaka, Mzee!" mkuu wa idara akamwambia sikioni, machozi yanamlenga. "Imewaka!"

Sijui nieleze vipi uso wa Baba. Alisahau suruali, ilibidi niishike mimi. Akamshika mdogo wangu bega, akamgeuza awaelekee watu wote wa chumba kile, akasema kwa sauti yake ya karakanani, "Huyu ni mwanangu. Fundi! Huyu ni fundi!"

Hilo hapo. Neno limetoka, mbele ya mashahidi. Nikamtazama mdogo wangu nikitegemea kuona furaha ya miaka yote. Nikamkuta anatazama mstari. Kisha akatazama kifua cha Baba. Kisha akanitazama mimi, kwa sababu mfuko ule nani aliushona?

Nikaelewa pale pale. Sumaku laini, inayogeuka ukiisogezea nguvu kidogo tu.

Nikamfinya mkono chini ya meza, kwa kucha. "Nyamaza," nikamwambia.

"Dada..."

"Nyamaza, nakuomba. Mwache aende nyumbani na furaha yake. Hawa wenye miwani utawaambia kesho."

Nilimaanisha, na ningemfinya mpaka damu. Baba amezeeka. Neno lile huenda lisingetoka tena. Mdogo wangu alilisubiri tangu enzi za ulanga, na sasa alikuwa nalo mkononi. Alichotakiwa kufanya ni kufumba mdomo mpaka jioni. Nilimwona anataka. Macho yalimjaa machozi.

Halafu akajigonga kifuani kwa vidole, akamwambia Baba, "Baba. Mfuko wa ndani. Toa."

Baba akapapasa koti. Akafungua kifungo changu, akavuta kamba ya kiatu, na kisumaku kikatoka kikining'inia, na juu yake pini yangu moja imeng'ang'ania. Mstari kwenye kioo ukaruka huku na huko kama jogoo aliyekatwa kichwa. Mdogo wangu akakipokea kwa mikono miwili, akakipeleka mpaka kwenye sinia ya mlangoni, akarudi.

"Inama tena, Baba."

Baba akainama. Mstari ukalala.

"Tena."

Ukalala. Pampu ikawa inanguruma peke yake.

Mdogo wangu akamsogelea sikioni, lakini kwa kuwa Baba hasikii, chumba kizima tulisikia. "Haikuwaka, Baba. Ulikuwa ni wewe."

Baba akautazama mstari kwa muda mrefu. Akautazama mtungi. Akamtazama mwanawe kama anavyotazama injini iliyoletwa na mtu asiyemjua. Nilisubiri aseme chochote, hata cha hasira. Akasema, "Naomba mkanda wangu," akatoka.

Njiani nilimwaga yote. Baba ametangulia mbele, sisi nyuma, na mimi namsema mdogo wangu kama mtoto. Nilimwita mjinga aliyesoma. Nilimwambia amepewa akatapika. Nilimwambia kwamba mkuu wake alikuwa ameshakubali, dunia nzima ilikuwa imeshakubali, na ni yeye tu, na kiherehere chake, aliyekwenda kuchokonoa mfukoni mwa mzee wa watu mbele ya wageni. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Akajibu kitu kimoja tu.

"Alikuwa ameishikilia, Dada."

Ilikuwa sheria ya karakana ya Baba. Tulitembea hivyo hivyo mpaka kwangu, na maji hakuomba.

Siku chache baadaye nilikuwa karakanani kwa Baba, nimepeleka ovaroli niliyoitia viraka, naye mdogo wangu akaingia. Kisumaku kilikuwa kimesahaulika kwenye sinia, alikuja kukirudisha. Alisimama kizingitini kama mteja asiye na uhakika kama amefika. Baba alikuwa kichwa chini kwenye injini ya kuvutia maji, anatukana nati iliyodumbukia. Mwenye injini, bwana mmoja mnene mwenye kofia, alikuwa ameketi kwenye tairi.

Mdogo wangu akanyoosha mkono, akamwekea Baba kisumaku kiganjani, safari hii kitu alichokuwa anakihitaji hasa. Baba akakitazama. Akamtazama aliyekileta. Akaanza kukiteremsha ndani ya injini kwa kamba yake, polepole.

"Huyu naye ni nani, Mzee?" bwana wa kofia akauliza kwa sauti kubwa.

Nikaacha kukunja ovaroli. Nilikuwa najua jibu, na mdogo wangu alikuwa anajua jibu, na tabasamu la msumari lilishaanza kumpanda usoni.

"Mwanangu," Baba akasema, macho yakiwa ndani ya injini. "Fundi injini."

"Ala! Injini za nini?"

"Ndogo ndogo." Baba akavuta kamba, na nati ikaja ikiwa imeganda mwishoni. Akaifuta kwa kidole. "Yake bado haijawaka."

Bwana wa kofia akatikisa kichwa kwa kuelewa, kwa sababu na yake ilikuwa haijawaka. Mdogo wangu akainama ghafla, akakaa huko chini muda mrefu, anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa makubazi.